Baiskeli ya Hatibu na Homa Iliyorudi

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Hatibu alitoa baiskeli yake uani, akaifuta vumbi na kubinya matairi kwa kidole gumba. Tunu, binti yake wa miaka kumi na mmoja, alisimama mlangoni akingoja kuitwa. Enzi hizo za Wajerumani baiskeli zilikuwa chache sana hapa Arusha, na hii ilikuwa kuukuu, iliyoachwa na Mgiriki mmoja aliyehama shamba lake. Tunu alikaa nyuma juu ya gunia lililokunjwa, akamshika baba kiunoni, wakafuata njia ya Kisongo na kuuacha Mlima Meru mgongoni. Watoto wa jirani waliwakimbiza wakiuliza kama farasi wa Hatibu hali majani. Hatibu alicheka tu. Mchana kutwa alikuwa akipasua mbao za wakubwa wa Kijerumani, na muda ule mfupi wa jioni ndio pekee aliouita wake.

Lakini mwaka huo nyumbani kulikuwa na mgonjwa. Mkewe, Batuli, alikuwa ndiyo kwanza anainuka kitandani, tena alikuwa mjamzito.

Ugonjwa wenyewe haukuanguka kutoka mbinguni. Wakubwa waliamuru wanawake wa mjini wakakandike upya vibanda vya kambi ya wapagazi. Vibanda vile vilijaa papasi, wadudu wanaojificha kwenye vumbi la sakafu na kuwauma watu wakilala. Wakubwa walijua. Wao wakipita pale walipiga hema zao mbali na kulala juu ya vitanda. Wanawake wakalazwa mle mle mpaka kazi iishe, na hakuna aliyeuliza nani ana mimba. Batuli akarudi na homa.

Ilimwunguza, kisha ikatoka yote kwa jasho. Hatibu, mtu wa pwani, akafanya kama desturi ya kwao: akaita majirani, wakasoma dua, wakanywa uji wa sadaka ya kushukuru. Kwao, ukishanywewa uji huo, mtu haitwi tena mgonjwa. Mkeka aliougulia hukunjwa ukawekwa.

Nkasiogi, mama wa Kiarusha aliyewaletea maziwa kutoka Sekei, alikunywa uji pamoja nao. Kisha akamwambia Hatibu kwamba homa ya papasi humwachia mtu akapata nguvu kidogo, halafu hurudi. Akasema Batuli asiachwe peke yake mpaka irudi na kuondoka tena. Hatibu aliitikia kwa adabu, lakini moyoni aliona ni kumkosea Mungu kushukuru leo na kungoja ugonjwa kesho. Jioni iliyofuata baiskeli ilitoka. Alichofanya ni kumwagiza Tunu ampe mama uji kabla ya safari, kisha amletee yeye habari ya hali yake.

Siku chache zilipita salama. Kisha jioni moja Tunu alipopeleka uji alimkuta mama amejifunika shuka mbili, na jua bado kali. Mama akalisukuma bakuli.

"Usimwambie baba yako," alisema. "Watu wamekunywa uji wangu wa shukrani juzi tu. Nikisema naumwa tena, nitawatazamaje? Ni baridi tu, itapita."

Tunu alitoka na bakuli mkononi. Angeweza kusema. Lakini huko nje kengele ya baiskeli ililia, naye alikuwa ameingoja kengele hiyo tangu asubuhi. Akawamwagia kuku uji.

"Mama amekula?" baba aliuliza.

"Amemaliza bakuli."

"Na mwili?"

"Mzima."

Siku hiyo walikwenda mbali kuliko kawaida. Walipokaribia Kisongo tairi likapasuka, wakaanza kurudi kwa miguu huku Hatibu akiisukuma baiskeli na kuimba kwa sauti ya chini, bila haraka. Tunu hakuweza kuusikiliza wimbo ule. Alisimama katikati ya njia akamwambia baba habari ya bakuli, kuku na shuka mbili. Hatibu hakumgombeza. Aliitupa baiskeli majanini akakimbia.

Walimkuta Batuli chini karibu na mafiga, na mtungi wa maji umevunjika. Nkasiogi, aliyekuja na maziwa, alikuwa amempakata kichwa. Homa ilikuwa imerudi.

Asubuhi Hatibu alimbeba mkewe mgongoni hadi kwenye nyumba ya dawa. Akaambiwa daktari amekwenda kuwinda na wakubwa huko nyikani, na mtumishi hana ruhusa ya kufungua kabati. Kabati lilikuwa pale pale mbele yao. Hatibu akambeba tena mkewe wakarudi nyumbani.

Nkasiogi ndiye aliyemnywesha maziwa kidogo kidogo na kumpooza kwa vitambaa vya maji. Homa ikaondoka mara ya pili. Lakini mtoto aliyekuwa tumboni hakubaki. Hatibu alimzika mwenyewe.

Mchungaji mmoja wa ng'ombe aliiokota baiskeli majanini akairudisha. Hatibu alipoiona akachukua nyundo aivunje, Tunu akaangua kilio na kumkimbilia Nkasiogi, aliyekuwa ndiyo kwanza analeta maziwa.

"Mama Nkasiogi, ni mimi niliyemuua mdogo wangu?"

Nkasiogi aliweka kibuyu chake chini. "Homa hukuileta wewe. Waliileta wale waliowalaza wenye mimba kwenye papasi, na hao hawatakuja hapa kuomba radhi, hata ukiwangoja mpaka uzeeke. Lakini ulisema bakuli limemalizwa, na halikumalizwa. Kosa hilo ni dogo kuliko lao, ila ni lako." Kisha akamgeukia Hatibu. "Na wewe, Baba Tunu, iache hiyo baiskeli, haijakukosea. Ulimwuliza mtoto hali ya mkeo, na mkeo yumo ndani, mlango uko wazi. Ungeingia."

Hatibu aliweka nyundo chini.

Tangu hapo, kila alasiri, aliingia kwanza. Alimshika Batuli paji la uso na kukaa naye mpaka ale. Aliziba tairi, na siku nyingine alitoka kuendesha, akafika mtoni tu na kurudi. Siku nyingi hakutoka kabisa.

Jioni moja Batuli alimhimiza atangulie, uji ataumalizia na Tunu. Hatibu alikuwa bado uani, ameshaiinamisha baiskeli apande, aliposikia Batuli akimnong'oneza Tunu.

"Sema nimemaliza, aende. Maskini, hana raha nyingine."

Tunu aliangalia bakuli. "Baba," aliita, "ameacha nusu."

Hatibu aliiegemeza baiskeli ukutani, akavua viatu, akaingia. Aliketi kando ya mkewe, akachukua kijiko.

"Umefanya vema, mwanangu," alisema. "Mgonjwa akikuambia ufiche, usifiche."