Tulishona Nguo za Ushindi Kabla ya Kura

Nyumba yetu ina vyumba vitatu na redio tano. Redio si zetu. Mume wangu ni fundi redio, na redio za wateja hukaa kwenye meza ya sebuleni mpaka zipone. Kila asubuhi huziwasha zote kwa pamoja kuzijaribu. Mimi hunywa chai katikati ya kelele hizo, kisha nabeba mkasi wangu na kwenda karakana.

Karakana yetu ya kushona iko nyuma ya soko. Tuko wanawake kumi na mmoja. Mmoja anakata, mwingine anaunga mabega, mwingine anapinda. Wa vifungo tunamwita Kifungo, maana ni mfupi, mviringo, na akishika jambo haachii.

Chumba cha tatu pale nyumbani ni cha binti yangu. Yeye ni muuguzi. Mwaka huo ulikuwa wa nne tangu apelekwe zahanati ya mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Kila Ijumaa nilikuwa nafua shuka la kitanda chake, ingawa hakuna aliyelilalia.

"Utalifua mpaka litoboke," mume wangu alikuwa akiniambia.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka miwili, na nilikuwa nimempakata mara moja tu. Alinijua kwa simu. Simu yoyote ikilia pale zahanati, hata ya mganga mkuu, yeye hupiga kelele, "Bibi!" Watu wote wanacheka. Niliposimuliwa nilicheka na mimi, halafu nikajifuta macho kwa kola niliyokuwa naishona.

Naandika haya kwa ajili yako, mama mwenye mtoto mbali. Hamu ya mtoto huziba masikio. Unasikia kile unachokitaka tu. Mimi yalinikuta.

Mwaka huo chama chetu kilikuwa kinatafuta mgombea wa urais. Walijitokeza watatu: Mama Daktari, Mhandisi na Wakili. Kabla ya uchaguzi wa nchi nzima, sisi wanachama wenye kadi tulitakiwa kwenda kwenye matawi yetu na kumchagua mmoja kati ya hao. Huo unaitwa mchujo wa chama.

Siku kumi kabla ya kura, Rais Mstaafu, ambaye watu wote humwita Mzee, alizungumza kwenye habari za saa saba mchana. Nilikuwa nimerudi nyumbani kula, na sauti yake ilitoka kwenye redio tano kwa mpigo.

"Namuunga mkono Mama Daktari," alisema. "Huyu atawarudisha wauguzi wetu karibu na familia zao."

Kijiko kiliniponyoka. "Baba, umesikia?"

"Nimesikia mara tano," mume wangu alisema.

"Basi kwisha! Mzee akishasema, nani atabisha?"

Alasiri ile nikampigia binti yangu. Huwa anasimama kwenye ngazi ya zahanati ndipo apate mtandao. Akisogea hatua mbili, sauti inakatika.

"Mwanangu, unarudi nyumbani!"

"Nani kasema, mama?"

"Mzee! Kamuunga mkono Mama Daktari. Na wewe umpigie kura huko huko tawini kwenu."

"Mama Daktari mwenyewe kasema nini kuhusu sisi?"

"Nimekwambia Mzee kasema!"

"Nimekuuliza kuhusu yeye, mama."

Nikamwambia simsikii vizuri, mtandao mbaya. Mungu anisamehe, nilikuwa namsikia vizuri sana.

Siku ya kura ilikuwa Jumamosi. Sanduku lilifunguliwa saa mbili asubuhi, na lingefungwa saa kumi jioni. Sisi tulikuwa karakana tangu saa moja. Kifungo alikuwa ameleta wazo.

"Kesho matokeo yanatangazwa," alisema. "Mama Daktari akishinda, sisi tutatoka barabarani na nini? Na haya magauni ya kufagilia? Tushone sare!"

Tukashangilia. Tukatandaza kitambaa cha njano, tukafunga mlango ili wateja wasitusumbue, vyerehani vikaanza kunguruma.

Saa sita Bi Karani aligonga. Huyu ni jirani yangu. Alikuwa karani wa tawi la chama kwa miaka ishirini na mbili, sasa amestaafu. Huvaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Alikuwa ameleta sketi yenye zipu mbovu.

"Mmeshapiga kura?"

"Bado, Bi Karani. Tutakwenda."

"Saa ngapi?"

"Tukimaliza hizi," Kifungo alijibu. "Usiwe na wasiwasi. Mzee ameshamaliza kazi."

Bi Karani aliitazama njano ile yote. "Nyinyi mnashonea mtoto nguo, na mama yake hata mimba hajabeba," alisema. Aliweka sketi yake mezani akaenda zake. Tulimcheka mgongoni.

Tulimaliza saa kumi kasorobo. Badala ya kukimbia tawini, tukasema tuvae kwanza, twende tukiwa tumependeza. Mmoja gauni lilimbana kifuani, tukafumua, tukashona tena. Tulipofika tawini, wote kumi na mmoja wa njano, msimamizi alikuwa ameshalitia sanduku lakiri.

"Jamani," alisema, "mmekuja kupiga kura au mmekuja harusini?"

"Dakika chache tu zimepita, mwanangu!"

"Chache au nyingi, mama, zimepita. Sheria ni hiyo."

Jumapili matokeo ya tawi letu yalibandikwa ukutani. Mhandisi kura arobaini na saba. Mama Daktari arobaini na moja. Wakili thelathini. Kifungo alihesabu kwa vidole. Mama Daktari alishindwa kwa kura sita. Sisi tulikuwa kumi na mmoja.

Nilirudi nyumbani, nikaingia chumba cha tatu, nikakaa juu ya shuka safi. Niliona kama nimeufunga mlango wa nyumba yangu mwenyewe, na mtoto yuko nje.

Jumatatu nilimpelekea Bi Karani sketi yake. Nilimkuta anachambua mchele. Nilianza kulia kabla sijaketi.

"Haya, keti kwanza," alisema. "Redio hujaisikiliza leo? Nchi nzima hakuna aliyefikisha nusu ya kura. Wakili ametoka. Mhandisi na Mama Daktari wanarudi kwa duru ya pili, baada ya wiki tatu."

Nikafuta pua. "Kumbe Mzee kuunga mkono ni maneno matupu?"

"Nani kakwambia ni matupu? Uzito upo. Mzee akisema, magazeti yanaandika. Asiyemjua Mama Daktari anamjua siku hiyo. Wenye magari wanatoa magari, wenye vipaza sauti wanatoa vipaza sauti. Na Mzee alifanya kazi naye; akimsema vizuri, hilo ni la kusikilizwa, maana alimwona kwa karibu. Lakini nikuulize. Mzee ana kadi ngapi za chama?"

"Moja."

"Na wewe?"

"Moja."

"Basi. Mkono wake hauingii kwenye sanduku mara mbili. Yeye anakuonyesha mtu. Kwenda ni kwa miguu yako." Alitupa jiwe moja la mchele dirishani. "Na kuna jambo lingine. Siku ile Mzee aliposema, watu wa Mama Daktari walilala. Watu wa Mhandisi ndio waliamka. Walipita nyumba kwa nyumba. Kwako hawakupita?"

"Walipita. Niliwacheka."

"Ndiyo hivyo. Na hilo la wauguzi, ulimuuliza nani?"

Lilikuwa swali lilelile la binti yangu.

Kesho yake tulikwenda, mimi, Kifungo na Bi Karani, mpaka ofisi ya watu wa Mama Daktari. Ni chumba kimoja juu ya duka la rangi. Dada mmoja alitupa karatasi ya ahadi za mgombea. Mimi nilisoma darasa saba, nasoma taratibu, lakini nasoma. Nikaweka kidole chini ya kila neno.

"Mbona hapa hapasemi wauguzi wote watarudishwa?"

"Hayo aliyasema Mzee kwa mapenzi yake," dada yule alijibu. "Mgombea anasema hivi: muuguzi aliyemaliza miaka mitano mbali aombe uhamisho, na ajibiwe ndani ya miezi mitatu. Akiondoka, mwingine apelekwe nafasi yake. Wagonjwa wa kule nao ni watu."

"Binti yangu ana minne."

"Basi bado mmoja, mama."

Mmoja! Niliona kama mtu ameniondolea kiti nikiwa nakaa. Lakini ajabu ni kwamba niliposhuka ngazi zile, moyo ulikuwa umetulia kuliko siku ile ya redio tano. Maneno ya Mzee yalikuwa matamu, lakini sikuweza kuyashika. Haya niliyashika mkononi, yameandikwa. Mama Daktari akishindwa nitajua nimekosa nini, na akishinda nitajua nimdai nini.

Tukaanza na sisi kupita nyumba kwa nyumba. Wiki ya pili, Kifungo aliingia karakana ameshika kichwa.

"Tumekwisha! Wakili ametangaza anamuunga mkono Mhandisi. Thelathini na arobaini na saba ni sabini na saba. Tutatoka wapi?"

Mmoja akazima cherehani. Mwingine akasema, "Mimi siku hiyo nitabaki nyumbani nifue. Ya nini kujichosha?"

Nikawatazama wenzangu. Tulikuwa tunalifanya kosa lilelile. Mara ya kwanza mtu mkubwa alisema tukalala kwa furaha. Sasa mtu mkubwa amesema tunataka kulala kwa huzuni.

"Jamani, hao thelathini mmewauliza?" nilisema. "Au na wao wamekunjwa kama kitambaa, wakahamishwa meza hii kwenda meza ile?"

"Aa, leo shoga yetu amekuwa Bi Karani," Kifungo alisema. "Bado miwani tu."

Wakacheka. Nilitoka nje. Mlango wa pili ni wa fundi viatu, na nilijua yeye alikuwa mtu wa Wakili, picha yake bado ilikuwa ukutani.

"Kaka, mgombea wako kasema mumfuate Mhandisi. Unakwenda?"

Alitoa misumari mdomoni kwanza. "Shemeji, Wakili alinipa sababu za kumchagua yeye. Za kumchagua Mhandisi hajanipa. Kasema tu 'twendeni'. Mimi ni mbuzi?"

"Basi soma hii."

Nilimpa karatasi ya Mama Daktari. Aliisoma yote, mbele na nyuma. Hakuniahidi kitu. Alisema, "Hapa kwenye barabara sikubaliani naye. Hapa kwenye zahanati anasema kweli. Niachie."

Wenzangu walikuwa wamesimama mlangoni wanasikiliza. Kifungo alirudi kwenye kiti chake. Kesho yake aliomba karatasi ishirini.

Siku ya duru ya pili karakana haikufunguliwa. Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa tawini kwenye mstari, kila mtu na gauni lake la kawaida, kadi mkononi. Msimamizi alitutambua. "Leo hakuna harusi?" Tukamwonyesha kadi. Tulipomaliza tulikwenda kuwaita wengine. Bibi mmoja tulimbebea kiti mpaka mlangoni, na hatukumuuliza anampigia nani.

Matokeo yalibandikwa. Mhandisi hamsini na tisa. Mama Daktari sitini na nane. Kati ya wale thelathini wa Wakili, ni wazi kwamba wengine walimsikiliza, wengine wakaamua wenyewe, na wawili hivi walibaki nyumbani. Nchi nzima Mama Daktari alipita kwa tofauti ndogo sana. Akawa mgombea wa chama chetu.

"Ni sisi!" Kifungo alipiga kelele.

"Msiseme ni nyinyi," Bi Karani alisema. "Ila msiseme pia si nyinyi. Na uchaguzi wenyewe bado. Zitunzeni kadi."

Sasa karakana yetu ina utaratibu. Siku ya kura, ya chama au ya nchi, hakuna anayegusa cherehani kabla hajapiga. Na mtu mkubwa akimsifu mgombea redioni, tunasikiliza, halafu mmoja wetu anatumwa kuleta karatasi ya mgombea mwenyewe. Tunaisoma kwa sauti wakati wengine wanapiga pasi. Wewe nawe fanya hivyo. Usimwachie mtu mwingine mdomo wako wala miguu yako, hata awe nani.

Jioni ile ya matokeo nilimpigia binti yangu. Nilimweleza yote: karatasi, miaka mitano, mwaka mmoja uliobaki. Nilidhani ataumia.

"Mama, mimi nilipiga duru zote mbili," alisema. "Mama Daktari."

"Kwa sababu ya Mzee?"

"Hapana."

"Kwa sababu nilikwambia?"

"Wala. Karatasi tuliisoma hapa siku nyingi, wauguzi wote."

"Basi kwa nini, mwanangu?"

Katika miaka minne hakuwahi kulalamika. Kila nilipomuuliza alisema yuko salama, kazi inakwenda, mtoto anakula. Mimi ndiye nilikuwa naongea habari za kurudi, yeye alikuwa ananisikiliza tu. Nilikuwa nimeanza kufikiri, moyoni, kwamba labda amepazoea na hana haja na sisi tena.

"Kwa sababu nataka kurudi nyumbani, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo. "Nataka sana."