Mkwe Aliyetembeza Watu kwa Mgongo

— Ule jogoo hatachinjwa, mama alisema. Atakula mihogo yangu mpaka azeeke.

Jogoo alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza jikoni. Mwenze, aliyetaka kunioa, alimleta kwa baba wiki iliyotangulia, mweupe mzima, miguu imeoshwa kwa sabuni. Nyumbani kwetu kuku wa posa alipokelewa na baba, lakini mwenye kumchinja alikuwa mama. Mama asiposhika kisu, hakuna ndoa, hata baba aseme ndiyo mpaka koo likauke.

— Mama, Mwenze amekosa nini?

— Kazi yake njo inaniogopesha, Odile. Mutu anashinda anatazama batu mu macho, kucha kutwa. Huyo atajua kuchunga bukwe?

Bukwe ni ile heshima ya mkwe. Mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, wala hasemi naye ana kwa ana. Wakikutana njiani, mmoja anageuka au anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Wengine waliona ni mambo ya kizamani. Mama hakuona hivyo. Mume wa dada yangu Kanku alikuwa amempa mama mkono sokoni, mbele ya watu, akacheka na kumwita "bibi kizee". Baadaye Kanku alirudi nyumbani kwa miguu, jino moja limetoka.

— Mutu asiye na haya mbele ya mama, mama alisema, atakuwa na haya mbele ya mutoto? Kesho nitaenda kumuona Mwenze kwa kazi yake. Akinitazama, jogoo atarudi kwabo.

Baba, tata Mulumba, alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini mgodini. Alinitazama kwa huruma, akatikisa kichwa. Yale yalikuwa mambo ya wanawake, hakuwa na la kufanya.

Ilikuwa Kolwezi, ile miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Kulikuwa na nyumba ya matofali iliyojengwa na mzungu mmoja mtafuta shaba, wakati pale pote pakiwa pori. Alipokufa waliifanya ya kutazamwa. Wazungu waliiita mize, yaani makumbusho, sisi tuliiita Nyumba ya Kwanza. Walitandika kitanda chake vilevile na chandarua, wakafunga kamba mlangoni mtu asiingie. Waliweka mawe ya kijani ndani ya kioo, pamoja na misalaba ya shaba ambayo babu zetu waliitengeneza na kuitumia kama fedha. Jumapili baada ya misa, ilikuwa zamu ya watu weusi kuingia. Mwenze ndiye aliyewatembeza, kutoka getini, kupitia tanuru ya zamani, hadi vyumbani, na kumalizia kwenye ngazi za bustani. Alijua kusimulia mpaka watoto waliacha kulia.

Nilimkuta siku ile ile, anapaka chokaa mawe ya pembeni ya njia.

— Odile, mbona unakimbia ka mutu mwenye kuiba ndizi?

— Mama anakuja kesho.

Brashi ilisimama.

— Kesho? Kesho njo sikukuu ya nyumba! Bwana mukubwa wa mugodi anakuja na bageni ba Elisabethville.

— Usimutazame mama, Mwenze. Nakuomba.

— Unajua Madame Verlinden, mwenye kuchunga hii nyumba, alisema nini? "Mwenze, kutembeza batu ni uso. Ukimupa mugeni mugongo, umemufukuza." Nikikosea mbele ya bale bakubwa, kazi imekwisha.

— Na kazi ikikwisha?

— Ruhusa yangu ya kukaa hapa inashikwa na kazi. Polisi atanipeleka ku gari ya moshi, narudia Lubudi.

— Basi mutazame mama kidogo tu.

— Nikimutazama, jogoo atazeeka.

Tulicheka. Halafu kicheko kikaisha, tukabaki tunatazama ile chokaa inavyokauka.

— Odile, alisema polepole, nikichunga kazi nakupoteza. Nikikuchunga weye, napoteza kazi, na tena nakupoteza. Nifanye je?

Alichukua kitambaa chake akanifuta chokaa iliyonirukia kwenye kiatu. Alifanya taratibu, kama vile hakukuwa na haraka yoyote duniani.

Jumapili mama alivaa kikwembe kipya, kitenge cha kujitanda, akasimama mstari wa mbele. Mama Ntumba, jirani yetu, alikuwa kando yake. Mwenze alitoka mlangoni na shati jeupe, akitabasamu.

— Karibuni, batata na bamama! Hii nyumba...

Akamwona mama. Nilitazama macho yake yakishuka kama ya mtu aliyemulikwa na jua. Aligeuka papo hapo, akatupa mgongo.

— Hii nyumba, aliendelea, akiiambia tanuru, ilijengwa kabla ya njia ya treni kufika.

— Eh! mwanamume mmoja alipiga kelele. Tata, uko nasema na nani? Udongo una masikio?

— Labda ndani ya tanuru muko bageni! mwingine akasema.

Watu walicheka. Mwenze aliwatembeza vile vile, akienda mbele bila kugeuza shingo. Kwenye kioo cha misalaba alisimulia akitazama misalaba. Kwenye chumba cha kitanda alisimulia akitazama chandarua. Jasho lilichora mstari katikati ya shati lake. Mimi nilikuwa nyuma ya mama.

Mama Ntumba ndiye aliyeelewa kwanza. Alitazama mgongo ule, akamtazama mama, akanitazama mimi.

— Tshibola, alimnong'oneza mama, huyu njo mukwe wako?

Mama Ntumba alifungua kikwembe chake cha juu, akakitandaza kwa mikono miwili mbele ya mama kama pazia. Mwanamke mwingine, hata jina lake sikulijua, alishika upande wa pili.

— Tata, geuka! mama Ntumba aliita. Mama hayuko tena! Tuonyeshe uso, tulilipa na miguu yetu kufika hapa!

Mwenze aligeuka. Loo, jinsi alivyopumua! Alisimulia habari ya yule mzungu na homa yake, na ya mpishi wake aliyembeba mgongoni hadi mto Lualaba. Kicheko cha sasa kilikuwa kizuri. Nyuma ya pazia, mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimsikia akisema peke yake, kwa sauti ndogo:

— Iko na haya. Mutoto ya batu iko na haya.

Nilitaka kulia kwa furaha. Laiti matembezi yangeishia chumbani.

Lakini yaliishia bustanini. Pale wageni wazungu walikuwa wameketi kwenye viti mbele ya ngazi, na sisi tulisimamishwa nyuma yao. Mwenze alitakiwa kupanda ngazi, kutugeukia sote, na kusema maneno ya kufunga sikukuu. Mama Ntumba alinyanyua kikwembe tena.

— Shusha hiyo nguo! polisi aliyelinda bustani alisema. Unaziba batu ba nyuma.

— Tata polisi, ni dakika tu, kuko mama hapa...

— Shusha!

Akashusha. Mama alijaribu kurudi nyuma, ajifiche katikati ya watu. Polisi alinyoosha fimbo.

— Hakuna kutembea wakati wa maneno! Simama pale pale!

Mama alisimama. Yeye aliyekuja kumpima Mwenze, sasa alitafuta njia ya kumwokoa, na njia haikuwepo. Mwishowe alivuta kikwembe chake kutoka mabegani, akajifunika kichwa kizima, uso na shingo, kama mtu aliyefiwa.

Lakini Mwenze alikuwa tayari ameinua mguu kwenye ngazi, macho yake chini. Alifika juu. Hakujua kwamba mama amejifunika. Angejuaje? Kujua kulitaka kutazama. Akabaki ameuelekea mlango wa nyumba, akampa mgongo kila mtu, pamoja na bwana mkubwa wa mgodi na mke wake na wageni wote wa Elisabethville.

— Tunashukuru, alisema kwa Kifaransa, akiuambia mlango. Tunashukuru sana.

Nikataka kuita "Geuka!" Nikajizuia. Msichana hakupaza sauti pale. Bwana mkubwa aliinuka, kiti chake kikaanguka. Madame Verlinden alikuwa mwekundu hadi masikioni.

— Mwenze! Kwa nini unatupa mugongo?

Angesema nini? Kumtaja mama mkwe mbele ya watu ni kumvua nguo. Na mama, ambaye neno lake moja lingetosha, hakuweza kufungua mdomo mbele ya mkwe wake.

— Nisamehe, Madame, alisema tu.

Jioni ile alinyang'anywa kazi. Jumamosi ilikuwa siku yake ya kupanda gari la moshi kurudi Lubudi.

Baba alikwenda mgodini kumwombea, akakataliwa, akarudi na kofia mkononi. Jumanne mama alinishika mkono.

— Tuende kwa yule madame. Hakuna mukwe pale, mi nitasema.

Tulipita mlango wa jikoni. Sitasahau kwamba Madame mwenyewe alimletea mama kiti, akamimina maji kwenye glasi yake mwenyewe, akampa kwa mikono miwili. Alikuwa anajua Kiswahili kidogo, kile cha jikoni.

— Madame, mama alisema, mwenye kosa ni miye. Alinipa heshima. Kwetu, mukwe hatazami mama ya bibi yake. Nilienda kumujaribu. Muniazibu miye.

Madame alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalilowa.

— Mi hapana kujua, mama. Mi hapana kujua kabisa. Nasema na bwana mukubwa leo.

— Aksanti, Madame.

Kesho yake Madame alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwetu, jambo ambalo wazungu hawakulifanya. Alisimama juani, mikono imeanguka.

— Bwana mukubwa nasema hapana. Nasema bageni balicheka yeye. Mi pole. Mi pole sana, mama.

Mama alimpa kiti na yeye, na maji. Walikaa hivyo, wanawake wawili, hakuna aliyeweza kitu.

Alipoondoka, mama aliingia jikoni. Nilisikia mlio mmoja wa jogoo, halafu kimya. Nilipofika mlangoni alikuwa anaosha kisu.

— Mama! Umechinja?

— Sasa nimupe nani? Mukwe wangu njo yule.

— Lakini anaenda Lubudi! Hana kazi, hana nyumba.

— Iko na haya, alisema. Nyumba hujengwa. Ita baba yako. Na ufunge bitu byako, mwanangu.

Ijumaa baba alitubariki mbele ya majirani, Mwenze akiwa nje ya dirisha ili mama aweze kukaa ndani. Mama Ntumba aliniletea kile kikwembe cha pazia, amekifua na kukikunja. Padri alisema angeandikia misheni ya Lubudi watufungishe ndoa tukifika. Nilicheka na kulia siku hiyo hiyo, nikapoteza hesabu ya kipi ni kipi.

Jumamosi stesheni ilijaa. Mwenze alitangulia, akasimama kwenye mlango wa behewa, uso wake ndani. Mama alikuja na mguu wa jogoo umefungwa katika jani la ndizi, akauweka juu ya sanduku langu. Alinikumbatia upesi, kama anayeogopa kuchelewa. Halafu akarudi hatua chache, akageuka, akampa Mwenze mgongo, uso wake kwenye nguzo ya stesheni.

— Weye nguzo, mama alisema kwa sauti. Uko nanisikia?

Watu walimtazama. Hakujali.

— Weye nguzo, uambie ule mutu: ngazi ile ilikuwa kosa yangu. Nilijifunika, lakini nilikawia.

Mwenze aliweka mkono juu ya ubao wa mlango. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

— Weye mulango, alisema, uambie mama: hakuna kosa. Uambie, mutoto yake atarudi na meno yake yote.

Nilimwona mama akishika ile nguzo kwa mikono miwili. Alielewa. Mimi pia nilielewa.

— Weye nguzo, alisema tena, na sauti yake ilikatika, uambie ule mutu asimulaze na njaa. Odile anasahau kula akiwa na kilio.

— Weye mulango, uambie mama, niko nasikia.

Gari ikapiga filimbi. Nikapanda, nikasimama kwenye dirisha la kando ya mlango.

— Mama! niliita. Mama, geuka kidogo! Nikuone!

Kama angegeuka, angemwona Mwenze mlangoni, kando yangu. Aliinua mkono mmoja juu ya kichwa, akaupunga bila kugeuka. Nilishika ukingo wa dirisha, nikatazama kile kikwembe kipya kikipungua, na mkono ule ukiwa bado juu.

— Iko napunga? Mwenze aliniuliza, uso wake ukiwa umeelekea ubaoni.

— Iko napunga.

— Uniambie akiacha.

Nilikuwa katikati yao, mimi peke yangu niliyeruhusiwa kutazama. Nikatazama kwa niaba yetu sote, mpaka Kolwezi ikaisha, na sikumwona akiacha.