Rupia ya Bi Mwanamisi

Siku ile mjinga alikuwa Abubakari. Mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo, atakuambia kwamba mji wa Lushoto ulijaa watu, lakini tapeli mmoja, Rajabu, aliwapita wote akitafuta kichwa chepesi kuliko karatasi ya kufungia maandazi, akakipata.

Abubakari analima kabichi na karoti bondeni, chini kidogo ya mji. Anaishi na mkewe Husna, binti yao Rahma, na mama yake mzazi, Bi Mwanamisi. Bi Mwanamisi ni mzee, na macho yake yameingia ukungu. Asubuhi huketi barazani akimenya maharage. Kila akipumzika, mkono wake hupanda shingoni. Vidole hutafuta kitu, vikikikosa mkono hushuka tena.

Abubakari alijua vinatafuta nini. Zamani mama yake alivaa rupia ya Mjerumani, sarafu ya fedha iliyotobolewa na kutungwa kwenye uzi mweusi. Aliachiwa na bibi yake. Upande mmoja ina kichwa cha mtu mwenye kofia ya chuma, na upande wa pili ina simba mbele ya mti. Abubakari alipokuwa mdogo hakupata usingizi mpaka aishike. Kisha akaugua homa kali. Mama yake akaiuza kwa mchuuzi, akambeba mwanawe hadi hospitali ya Bumbuli. Mtoto akapona. Rupia haikurudi.

Bi Mwanamisi hakumsema hata mara moja. Hilo ndilo lililomuuma mwanawe. Angesemwa kidogo, angepumua.

Kwa hiyo Rajabu alipotokea kutoka kijiji cha Mnazi na kitambaa mfukoni, alimkuta mtu aliyeiva. Huku milimani kila kilima kina hadithi ya sanduku lililofukiwa na Mjerumani. Watu wamechimba hadi misingi ya majiko yao wenyewe. Na wapo wanaoamini kwamba rupia ya kweli ina nguvu, inavuta. Rajabu alifungua kitambaa, ndani mna rupia yenye tundu. Akatoa sumaku ya redio mbovu, akaisogeza. Sarafu ikaruka, ikanata.

"Unaona inavyovuta?" alisema Rajabu. "Hii iko hai, kaka. Rupia iliyokufa haishiki."

Abubakari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomea sumaku.

Husna alimsihi waipeleke kwanza kwa Jesca, sonara wa mjini. Rajabu akasema rupia ikipita mbele ya macho mengi hupoteza nguvu. Tena kuna mgeni hotelini anaisubiri, na jioni hiyohiyo ataichukua. Abubakari alimtazama mama yake kule barazani. Mkono ulikuwa umepanda tena shingoni. Basi akaenda zizini, akamfungua mtamba wake wa pekee, akampa Rajabu kamba. Mtamba akaondoka akigeukageuka nyuma. Hata yeye alikuwa na mashaka.

Jioni Abubakari alipiga magoti mbele ya mama yake, akamwekea rupia kiganjani. Bi Mwanamisi akapitisha kidole gumba juu ya simba, polepole. Akapitisha tena.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Nifunge."

Abubakari akafunga uzi. Usiku ule alilala kama mtoto.

Lakini Husna aliona jambo. Mkono wa mama ulipanda shingoni kama zamani, ukaigusa rupia, kisha ukashuka haraka. Halafu siku moja, akifua kanga ya mama, aliona doa la rangi ya matofali mahali rupia ilipolala. Hakugomba. Aliitandaza kanga mbele ya mumewe.

"Baba Rahma, fedha imeanza kuota kutu lini?"

Kesho yake walikwenda wote watatu kwa Jesca. Duka lake liko karibu na soko. Ni mwanamke mnene, mcheshi, aliyezaliwa Bumbuli na kujifunza usonara Tanga. Alimwamkia Bi Mwanamisi shikamoo, akamwekea kiti, kisha akaishika ile sarafu. Abubakari akawahi kumweleza kwamba inavuta sana.

"Ndiyo maana ninaihurumia," Jesca alijibu. "Fedha haishiki sumaku, kaka yangu. Chuma ndicho kinachoshika. Huyo jamaa hakukuficha kitu. Alikuonyesha uongo wake mchana, wewe ukaushangilia."

Husna akatazama dari ili asicheke.

Jesca aliiweka sarafu juu ya mizani ndogo. Rupia ya fedha ya Mjerumani, alisema, ina gramu kumi na moja na nusu na ushei. Hii ilikuwa nyepesi mno. Akafungua droo, akatoa rupia yake mwenyewe, ya urithi, akaziweka pamoja. Akampa Abubakari kioo cha kukuzia. Kwenye rupia ya kweli nywele za simba zilihesabika, na herufi zilisimama wima. Kwenye ya Rajabu simba alikuwa kama amenyeshewa mvua. Herufi zilikuwa nene, zimevimba, na uso una vitundu vidogovidogo, kwa sababu chuma kilimiminwa kwenye kalibu badala ya kugongwa kwa mhuri.

"Sasa tazama ukingoni," alisema Jesca. "Ya kweli ina mikato midogo iliyolingana, kuizunguka yote. Yako ina mshono. Hapo ndipo vipande viwili vya kalibu vilipokutana."

Abubakari aliuona mshono. Akaweka kioo chini.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nimekuvalisha bati."

"Nilijua tangu nilipoishika," alisema Bi Mwanamisi. "Simba wangu alikuwa na makucha. Huyu hana hata vidole."

"Mbona hukusema?"

"Mikono yako ilikuwa inatetemeka kwa furaha, mwanangu. Ningesemaje?"

Jesca akaangalia pembeni, akajifanya anapanga koleo zake.

Kisha Abubakari akauliza kama majivu na ndimu vingeweza kuing'arisha ya Jesca ifanane na mpya. Jesca akaifunika upesi kwa kiganja. Sarafu ya kale haisuguliwi, alisema. Ukiisugua unaondoa alama anazozitazama mtaalamu, na thamani inaondoka pamoja na weusi. Ishike ukingoni, ihifadhi mahali pakavu, basi.

"Na usinisikilize mimi peke yangu," aliendelea. "Mimi nikikuambia hii si fedha, amini. Lakini kuna matapeli wanaotengeneza rupia ya bandia kwa fedha halisi. Hiyo haishiki sumaku, na mizani inaweza kuikubali. Hiyo inataka mjuzi wa sarafu za kale. Mtafute kabla hujalipa. Ukilipa kwanza, utakachopata kwake ni pole."

Mtamba hakurudi. Abubakari alitoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi, akawaachia ile bandia kuwa ushahidi. Rajabu alikuwa ameyeyuka. Lakini safari hii Abubakari hakukata tamaa, wala hakuwa na pupa. Aliuliza watu, akauza kabichi, akauliza tena. Mara mbili aliletewa rupia. Mara mbili muuzaji alisikia neno "kupima" akakumbuka ana msiba. Bi Mwanamisi alikaa na shingo tupu. Mkono ulipanda, ukashuka.

Mwishoni wakasikia habari za Esteria, mjane wa Rangwi, aliyekuwa na rupia ya mama mkwe wake. Nayo ilikuwa na tundu. Abubakari alimweleza shida yake bila kuficha, hata habari ya sumaku, na Esteria alicheka mpaka akashika mlango. Wakakubaliana hivi: rupia haitoki mkononi mwa Esteria, na malipo hayatoki mkononi mwa Abubakari, mpaka mtaalamu aseme. Jesca aliipima kwanza. Kisha akawaelekeza kwa mzee Valentino, mjuzi wa sarafu za kale huko Tanga. Wakateremka pamoja.

Valentino alichukua muda wake. Alipima uzito na upana. Alitazama pande zote mbili na ukingo, akalinganisha na rupia nyingine za mwaka uleule. Mwisho akasema ni ya kweli. Aliandika cheti chenye picha ya kila upande na vipimo vyote, akatia saini. Akawaambia pia kwamba wakusanyaji huipunguzia bei sarafu iliyotobolewa. Kwao tundu ni kasoro.

"Kwetu ndiyo njia ya uzi," alisema Esteria, akapokea malipo yake.

Bi Mwanamisi alipowekewa ile rupia kiganjani, kidole gumba kilipita juu ya simba. Kilikwenda taratibu, kikasimama kwenye makucha.

"Si ile," alisema.

Abubakari akainamisha kichwa.

"Ile imekwenda, mwanangu. Niliibadilisha na uhai wako, na sijutii. Lakini hawa ni ndugu, wametoka tumbo moja. Nifunge." Safari hii mkono ulipopanda shingoni, ulikaa.

Haukupita muda, Rajabu akarudi. Hakuja kwa Abubakari. Alikuja kwa jirani yake, Salimu, na kitambaa kilekile. Salimu alikuwa ameshamshika mbuzi wake pembe. Abubakari alipoona, aliruka ua. Bi Mwanamisi akafuata taratibu, ameshikwa mkono na Rahma. Husna hakwenda huko. Alishika njia ya ofisi ya mtendaji.

Abubakari alimwambia Salimu asimtoe mbuzi kwanza, rupia ikapimwe kwa Jesca. Salimu akaachia pembe. Rajabu akaja juu. Alisema amedhalilishwa, kwamba mtu mzima hapimwi kama karanga. Aliapa kwa kaburi la baba yake. Aliapa kwa watoto wake. Majirani wakaanza kusitasita, maana huku kwetu kiapo si mchezo, na wengine wakamwambia Abubakari ana kinyongo cha mtamba tu.

"Mama," Rajabu alimgeukia Bi Mwanamisi, sauti imelainika, "wewe ni mzee wetu. Mtu akiapa kiapo kizito namna hii, kuna haja gani tena ya mizani?"

Bi Mwanamisi akaishika rupia yake shingoni.

"Baba," alisema, "hii haikuapa. Ilikubali kupimwa."