Kompyuta Isiyomaliza Kazi Yake

Kila siku, saa nne asubuhi, Mama Pacha huvuta kiti mbele ya kompyuta. Husoma kwa saa mbili. Saa sita huondoka kwenda hospitali, anakofua mashuka zamu ya mchana. Amefua kwa miaka kumi na minne. Mashuka yaliyoloa ni mazito, na siku hizi mgongo unamsumbua hata akiinama kuvaa viatu.

Ndiyo maana anasomea utunzaji wa mafaili ya wagonjwa. Mtihani ni Ijumaa, saa nne kamili, kwa njia ya mtandao. Akifaulu, atahamia ofisini. Akichelewa dakika kumi, hataruhusiwa kuingia mpaka mwakani.

Mumewe, Baba Pacha, ni fundi cherehani. Hushonea chumba cha mbele, ndilo duka lake. Kompyuta iko chumba cha nyuma.

Jumanne asubuhi Mama Pacha aliwasha kompyuta, akapiga paja.

"Haya, imeanza tena! 'Inaweka sasisho. Usizime kompyuta.'"

"Si jana ilisema hivyo hivyo?" mumewe aliuliza kutoka chumba cha mbele.

"Jana, juzi, wiki nzima! Inafika asilimia sitini, inasema imeshindwa, inarudi ilikotoka. Nusu saa yangu imeliwa. Ijumaa ikinifanyia hivi nimekwisha."

"Pole, mke wangu. Labda imechoka. Umri nao."

"Umri gani? Wewe una miaka sitini na unashona mpaka jioni."

"Mimi nabembelezwa. Hiyo unaigombeza tu."

Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alimwita fundi simu wa ng'ambo ya barabara, mama mmoja ambaye watu humwita Bi Taratibu, kwa sababu hajawahi kuonekana akiharakisha jambo.

"Karibu, Bi Taratibu. Mgonjwa ni huyu."

Bi Taratibu aliketi, akaweka mikono mapajani. Hakugusa kitu.

"Mgonjwa huulizwa kwanza," alisema. "Ukimaliza kusoma, unaizimaje?"

"Kama nilivyofundishwa. Nabonyeza pale pa kuzimia. Inaandika maneno yake ya sasisho, nami nakimbilia basi."

"Halafu?"

"Halafu inajizima yenyewe. Nikirudi naikuta imezimika, imefunikwa vizuri kwa kitambaa."

"Ajabu. Kompyuta inayojifunika sijawahi kuiona."

Kule mbele, cherehani ilinyamaza. Baba Pacha alitokea mlangoni, uzi ungali mdomoni.

"Ninaifunika mimi," alisema.

"Na kuizima?"

"Nazima swichi ya ukutani. Mke wangu akiondoka, naikuta inaunguruma peke yake, imepata joto, hakuna anayeitumia. Naionea huruma. Nasema ipumzike, kesho aikute ina nguvu."

"Baba Pacha!"

"Nilitaka kukusaidia."

Bi Taratibu alitabasamu kidogo.

"Si wewe peke yako, wengi hufanya hivyo. Cherehani ukiikatia umeme inasimama tu. Kompyuta sivyo. Sasisho ni marekebisho yanayotumwa na waliotengeneza programu. Yanaziba mianya na kusahihisha makosa. Chukulia unabadilisha kola ya shati. Umefumua ya zamani, mpya hujaishona, mtu anakunyang'anya shati. Linavalika?"

"Halivaliki."

"Basi ndivyo unavyoifanyia kila siku. Asubuhi inajaribu kuendelea, inakuta vipande vimeharibika, inarudisha kola ya zamani. Kisha inaanza upya."

"Kwa hiyo nikiacha kuizima, itapona?" Baba Pacha aliuliza.

"Pengine. Lakini vile vipande vibovu bado vimo. Tuviondoe."

Kwanza alinakili masomo yote ya Mama Pacha kwenye flashi, yasije yakapotea. Kisha akatazama nafasi ndani ya kompyuta. Ilikuwa imejaa karibu yote. Alihamishia video za harusi za pacha wao kwenye flashi ya pili, akahakikisha zinafunguka, ndipo akazifuta kwenye kompyuta. Baada ya hapo alisimamisha kazi ya sasisho, akafuta vile vipande vilivyoharibika.

"Nimefuta vya sasisho tu. Kama hujui kipi ni kipi, usifute kwa kubahatisha. Ita anayejua."

Aliiwasha upya, akaiamuru ilete sasisho jipya kuanzia mwanzo.

"Sasa tusubiri. Hakuna kugusa."

Asilimia thelathini. Sitini. Tisini na moja. Hapo ikakaa kwa muda mrefu. Baba Pacha alitazama swichi ya ukutani.

"Huo mkono!" alisema mkewe.

"Nilikuwa najikuna."

Ghafla skrini ikawa nyeusi.

"Imekufa!"

"Haijafa. Inajizima na kujiwasha. Itafanya hivyo hata mara mbili. Tulieni."

Ikawaka. Bi Taratibu alifungua orodha ya masasisho, akamwonyesha Mama Pacha mstari wa juu: Limewekwa kikamilifu.

"Na umeme ukikatika wenyewe siku nyingine?" Mama Pacha aliuliza.

"Ikiwaka, iache ijaribu tena mpaka mwisho. Ikishindwa mara mbili tatu, niite."

Alhamisi kompyuta ilifunguka mara moja, bila neno. Ijumaa vilevile. Saa nne kamili Mama Pacha alikuwa kwenye swali la kwanza. Baba Pacha alifunga duka asubuhi ile. Alikaa kizingitini na kumzuia kila mteja.

"Rudi mchana, ndugu yangu. Humu ndani kuna mtihani."

"Unafanya wewe?"

"Mke wangu. Mimi natoka jasho tu."

Wiki tatu baadaye majibu yalikuja. Mama Pacha alikuwa amefaulu, na Jumatatu angeanza ofisini. Baba Pacha alisoma jina la mkewe kwenye skrini mara mbili, akaenda kuchukua futi yake.

"Simama nikupime. Hutaanza ofisini na gauni la kufulia."

Mama Pacha alinyanyua mikono.

"Usinibane kiunoni," alisema. "Kuanzia Jumatatu nitakuwa nakaa kutwa nzima."