Kwa Nini Teke Alipiga Kila Mpira

Kila asubuhi, Shangazi akiwa bado anapiga mswaki uani, Teke alifunga mlango wa chumba apambane na sweta lake. Kwa watu wengine sweta ni nguo tu. Kwa Teke, siku kumi na mbili sasa, lilikuwa mpinzani. Alianza na mkono wa kushoto, ulio mbovu, akiuongoza kwa mkono wa kulia kama mtu anayemsaidia kikongwe kupanda ngazi. Kisha akaingiza kichwa, kisha mkono wa kulia. Akimaliza, jasho linamtoka, na siku yenyewe haijaanza.

"Mwenzangu, unalivaa hilo sweta au unalishona?" Shangazi aliuliza kutoka uani.

"Nakuja, Shangazi!"

Jina lake la daftarini lilikuwa refu na zuri, lakini shuleni hakuna aliyelikumbuka. Aliitwa Teke kwa sababu alijua kuupiga mpira wa raga ukaenda mbali, ukazunguka hewani na kutua pale pale alipotaka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alivaa jezi namba kumi ya timu ya wasichana. Mwenye jezi hiyo ndiye anayepewa mpira kwanza na ndiye anayeamua: aupige mbele, ampasie mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Teke alikuwa ameisubiri jezi hiyo miaka miwili akiwa amekalia benchi, mpaka benchi likamzoea.

Kisha, katika mechi ya pili, msichana mmoja mzito alimwangukia. Teke alisikia kitu kikilia ndani ya bega, kidogo tu, kama kijiti kinapovunjika chini ya mkeka. Aliinuka, akajifuta vumbi, akacheka. Hakumwambia mtu. Aliyekuwa benchini sasa ni Sindano, msichana mwembamba mwenye bidii za kuudhi, na Teke alijua vizuri watu wa benchini wanaomba nini wakienda kulala.

Tangu siku hiyo Teke hakukimbia tena na mpira, maana akikimbia ataangushwa. Hakupasia ila mara moja moja, maana kupasia kunataka mikono miwili. Alibaki na kupiga. Mpira ukimfikia, anaupiga. Wenzake wakiukimbilia kule mbali, wapinzani wameshaudaka na wanarudi nao mbio, na sharti wenzake wawaangushe mmoja mmoja mpaka mpira upatikane tena. Ukipatikana, unarudishwa kwa Teke. Naye anaupiga.

Jambo la ajabu ni kwamba alikuwa na maneno ya kulitetea. "Mpira ukiwa mbali na mstari wetu, hatari iko mbali na mstari wetu," aliwaambia. "Wacha wao wahangaike kutoka kwao." Maneno hayo yalikuwa matamu hata mwalimu wa Jiografia, ambaye ndiye kocha, akayachorea mishale ubaoni. Baada ya siku chache Teke mwenyewe alianza kuyaamini. Uongo una tabia hiyo: ukiupikia kila siku, mwishowe nawe unakula.

Jumatano walicheza mechi ya mazoezi na shule jirani. Walishinda kwa pointi tatu, lakini filimbi ya mwisho ilipolia hakuna aliyeshangilia. Wasichana wa mbele, wale wa kusukumana na kuangushana, walilala pale pale walipokuwa, kama nguo zilizodondoka kutoka kambani.

Mkubwa kuliko wote aliitwa Kabati. Alikuwa rafiki ya Teke tangu darasa la kwanza, na siku hiyo alikuwa amesinzia katika vipindi viwili. Katika cha pili alikoroma, akasimamishwa mbele ya darasa.

"Teke," alisema, macho ameyafumba, "hivi ule mpira una upele? Mbona hutaki kuushika?"

"Ndiyo mbinu yetu, Kabati. Tumeshinda, au hatukushinda?"

"Wewe umeshinda. Tazama soksi zako, safi kama za harusi. Mimi leo nimeangusha watu hadi nimepoteza hesabu. Wewe unapiga, sisi tunafuata. Unapiga tena, tunafuata tena. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, eh?"

"Basi mwambie mwalimu."

"Nimemwambia. Kanichorea mshale." Kabati alijigeuza ubavu, akaguna. "Mimi nimechoka. Jumamosi sichezi."

"Ni nusu fainali!"

"Najua ni nini. Sichezi. Mtafute kabati lingine."

Teke alicheka akidhani ni mzaha. Wasichana wengine wawili wa mbele waliinua vichwa, wakamtazama, wakavilaza tena. Hapo ndipo kicheko kilipomkauka.

Shangazi, aliyemlea Teke, alikuwa dobi katika bweni la chuo. Chumba cha kufulia kilikuwa na sakafu ya saruji iliyolowa daima, makarai manne, na mashine moja ya kukamulia ambayo Shangazi aliiita Bosi kwa sababu ilikuwapo kazini kila siku bila kufanya kazi. Bosi akigoma, mablanketi yalikamuliwa kwa mikono: mmoja anashika huku, mwingine kule, kila mtu anasokota upande wake mpaka maji yaishe. Alhamisi alasiri, Bosi aligoma.

"Njoo ushike," Shangazi aliita. Alikuwa amesimama tangu alfajiri, na miguu yake ilikuwa imevimba juu ya kandambili.

"Shangazi, nina kazi ya nyumbani ya Hisabati."

"Hisabati ni hii: blanketi moja, watu wawili. Shika."

Teke alishika. Shangazi akasokota kulia, Teke akasokota kushoto. Blanketi lilipokaza, maumivu yalimchoma kutoka begani hadi shingoni. Mikono ikaachia yenyewe. Blanketi zima, na maji yake yote, likatua kifuani kwa Shangazi.

Shangazi alisimama akichuruzika. Hakugomba. Alimtazama Teke, ambaye alikuwa ameukumbatia mkono wake wa kushoto na meno ameyauma.

"Kumbe ndiyo sababu ya sweta," alisema polepole. "Hilo bega lina siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Siku kumi na mbili, na mimi najiambia mtoto anakua, anataka kufunga mlango!" Alijifuta uso kwa kanga yake, nayo ilikuwa imelowa vilevile. "Twende zahanati."

"Na mablanketi?"

"Yatanisubiri. Hayajawahi kuniacha hayo."

Tabibu wa zahanati alikuwa kijana mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kuona wagonjwa hamsini siku hiyo. Aliuinua mkono, akaubonyeza, akaushusha. Mfupa haukuvunjika, alisema, lakini nyuzi zinazolishika bega zimechanika kidogo. Zinapona kwa kupumzishwa. Wiki tatu bila kuangushwa na bila kubeba kitu kizito.

"Na kama nikicheza Jumamosi tu, halafu nipumzike?"

"Ukiangukiwa tena, bega linaweza kuchomoka. Likishazoea kuchomoka litakusumbua mpaka uwe na wajukuu." Alianza kufunga kitambaa cha kuutundika mkono shingoni. "Kwani nani alikuambia uendelee kucheza?"

Teke alitazama sakafu. Hakuna aliyemwambia.

Njiani alimsihi Shangazi aende kuzungumza na mwalimu. "Mwambie niliumia jana. Jana tu, Shangazi."

"Mimi nafua nguo, sifui maneno," Shangazi alijibu bila kupunguza mwendo. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na blanketi, shukuru. Kesho utasema mwenyewe, na utasema siku zote kumi na mbili."

Ijumaa, saa ya mazoezi, Teke aliingia uwanjani mkono ukiwa umetundikwa. Hakuhitaji kuita watu. Kitambaa kile kiliwaita. Hata Kabati, aliyekuwa amekuja kurudisha jezi yake tu, alisogea.

Teke alimkabidhi mwalimu jezi namba kumi. Ilimtoka mkononi kwa shida kuliko sweta lolote.

"Bega niliumia katika mechi ya pili," alisema. "Nilificha nisipoteze namba. Nilikuwa napiga kila mpira ili nisiangushwe. Haikuwa mbinu, mwalimu. Yale maneno niliyatunga baadaye."

Mwalimu aligeuka kuitazama ile mishale kwenye ubao ulioegemezwa pembeni ya uwanja kana kwamba imechorwa na mtu mwingine.

"Kwa hiyo," alisema Kabati, "mimi nimekimbia wiki mbili nzima kama mbwa wa mwizi kwa sababu ya bega la mtu?"

"Ndiyo."

"Si ungesema tu! Ningekuvalisha hata hilo sweta!" Sauti yake ilitetemeka, na haikuwa kwa kicheko. "Nimesimamishwa mbele ya darasa, Teke. Watu wamenicheka kwa kukoroma."

"Nisamehe, Kabati."

"Sijui. Nimechoka mno kukasirika. Nitakasirika Jumatatu." Alichukua jezi yake aliyokuwa anairudisha, akaikung'uta, akaitia kwapani. "Kesho nacheza. Lakini atakayepiga mpira mbele, namwangusha mimi mwenyewe."

Jumamosi Sindano alivaa namba kumi, nayo ikamning'inia kama shuka. Mateke yake yalikuwa dhaifu. Mpira ukimtoka mguuni uliruka kama kuku aliyekatwa bawa. Kwa hiyo hawakupiga. Walishika. Kabati alibeba mpira hatua tano, akaangushwa, akauacha nyuma yake, mwenzake akauokota, hatua tatu, akaangushwa, mwingine akauokota. Ilikuwa kazi ya punda. Walichoka, lakini safari hii waliokuwa wakikimbizwa bila mpira ni wapinzani, na nyuso za wapinzani zilianza kufanana na zile za Jumatano.

Teke alipewa kazi ya kubeba chupa za maji, mbili mbili, kwa mkono mzima. Kila aliporudi pembeni alibaki amesimama. Aliona walivyofunga trai moja, kisha ya pili, mpira ukigusishwa chini nyuma ya mstari wa wapinzani, kila moja pointi tano. Aliona Sindano akikosa mateke ya nyongeza yote mawili. Walikuwa mbele, kumi kwa nane.

Kisha, mwishoni kabisa, wapinzani waliibana timu ya Teke kwenye mstari wake yenyewe. Refa aliinua mkono kuonyesha kwamba muda umekwisha. Kwa sheria ya raga, muda ukiisha mchezo unaendelea mpaka mpira utoke nje ya uwanja. Mpira ulikuwa wa kina Kabati, chini ya rundo la watu. Wangeweza kuendelea kuushika, lakini miguu ilikuwa imekwisha, na kosa moja tu lingewapa wapinzani teke la penalti la pointi tatu mbele ya goli.

Mpira ukatoka kwenye rundo, ukamfikia Sindano. Akaukumbatia. Tangu jana alikuwa amesikia jambo moja tu: kupiga ni dhambi.

"Piga nje!" Teke alipaza sauti kutoka pembeni. "Sindano, upige utoke nje!"

"Usimsikilize huyo!" Sauti ya Kabati ilitoka chini ya rundo, imebanwa lakini inasikika vizuri.

Sindano aliganda. Watu watatu walikuwa wanamjia.

"Muda umekwisha, Kabati!" Teke aliita. "Ukitoka nje tumeshinda! Mnapumzika!"



"Kupumzika?" ilisema sauti kutoka chini ya rundo. "Basi piga, Sindano! Unangoja nini?"

Sindano akapiga. Lilikuwa teke baya kuliko yote yaliyowahi kupigwa katika uwanja ule. Mpira ulimgonga kwenye ugoko, ukadunda mara mbili, ukajikokota kama mlevi anayetafuta mlango, ukavuka mstari wa pembeni. Filimbi ikalia.

Hawakuruka wala kuimba. Walijilaza majani yanapoanzia, wote kumi na watano, na mwalimu akaja akaketi chini katikati yao.

"Nina deni la kuwaomba radhi," alisema. "Kabati alikuja kwangu kuniambia wamechoka, nami nikamchorea mshale. Ningemuuliza Teke swali moja tu, kwa nini unapiga, labda tungelijua hili bega mapema."

Alimgeukia Teke. "Leo umemwambia mwenzako apige, na ulikuwa sahihi. Jumatano ulikuwa unapiga, na ulikuwa unakosea. Mguu ni ule ule na mpira ni ule ule. Leo ulitazama timu inahitaji nini. Jumatano ulikuwa unatazama bega lako. Kuumia si aibu, na kusema umeumia si udhaifu. Ukificha, maumivu hayaishi. Yanahamia kwa wenzako, nao wanayabeba bila kujua ni ya nani. Mmenisikia nyote?"

"Tumesikia," walijibu wachache. Wengine walikuwa wameshalala.

Teke aliketi karibu na miguu ya Kabati.

"Fainali ni lini?" Kabati aliuliza, macho kafumba.

"Baada ya wiki mbili."

"Na wewe unapona?"

"Baada ya tatu."

"Pole." Kabati akanyoosha mguu mmoja mpaka ukamgusa Teke gotini. "Nifungue viatu, mgonjwa. Siwezi kuinama. Na utumie mkono mzima, nakuona."

Teke alianza kufungua kamba, polepole, kwa mkono mmoja.