Kiti cha Mzee Pettiford

Suti ya kuzikia, ndiyo aliyotumwa Mwanamwema. Suti nyeusi, shati jeupe, tai ya buluu. Adela, binti wa marehemu, alipiga simu alasiri akasema hawezi kuingia mle ndani.

"Nenda wewe. Wewe ulimzoea."

Kweli alimzoea. Miaka miwili Mwanamwema, mzaliwa wa Wete, Pemba, alimwogesha na kumlisha Mzee Ezra Pettiford katika nyumba yake ya matofali, kaskazini mashariki mwa Washington. Majirani walimjua kama kikongwe mkali tu. Lakini nyimbo zake za bluzi, ule wa mjane, ule wa mto uliofurika, ziliimbwa Amerika nzima hadi Uingereza. Vijana wenye magitaa walivuka bahari kuja kumshika mkono. Naye kila mmoja alimwambia lile lile:

"Sikutunga hata mmoja. Niliambiwa."

Walicheka. Mwanamwema hakucheka. Kwao Pemba watu hawachekei maneno kama hayo.

Ilikuwa Novemba, mwaka 1984, na jua lilizama mapema. Alipozungusha ufunguo mlangoni, mwanga ulikuwa umebaki mstari mwekundu tu dirishani. Nyumba iliyofungwa siku tatu ilipaswa kunuka vumbi.

Ilinuka udi.

Nani kafukiza udi humu? Mzee alikuwa na pumu, hata sigara hakuruhusu.

"Hodi," alisema, kwa mazoea tu.

Kimya... Halafu, chumbani, uzi mmoja wa gitaa ukalia.

Alijiambia ni baridi, nyuzi hulegea. Akaingia, akaitoa suti kabatini. Gitaa lilikuwa ukutani pake. Chini yake kilikuwapo kile kiti cha mbao ambacho mzee hakuruhusu mtu akikalie, hata daktari. "Kina mwenyewe," alizoea kusema. Juu ya meza kulikuwa na rekoda aliyoiacha Ferdinand, mtu wa chuo kikuu cha College Park, aliyekuja kukusanya habari za maisha ya mzee. Waya wake ulining'inia, haukuchomekwa popote.

Magurudumu ya tepu yalikuwa yanazunguka.

Sauti ya mzee ikatoka, nzito, ya taratibu. Alikuwa akiimba wimbo aliouhangaikia miaka arobaini asiumalize. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Hapo ndipo alipokwama siku zote, na hapo akanyamaza.

Ubeti wa tatu akaupokea mwanamke.

Aliimba Kiswahili. Kipemba cha kale, cha bibi zake Mwanamwema, maneno ambayo hakuyasikia tangu ngoma za pepo za utotoni.

"Mwana..." sauti ya mwanamke ikanong'ona. "Ulisema utachukua."

Ndipo alipokumbuka. Siku ya mwisho mzee alimshika kifundo cha mkono, akamuuliza polepole, "Utanichukulia?" Yeye alidhani ni kikombe cha chai. "Nitachukua, mzee," alimjibu. Mzee akatabasamu, mara ya kwanza kwa miaka miwili. Sasa alikumbuka na jingine.

Kikombe alikuwa ameshakichukua kabla ya kuulizwa.

"Kaa," sauti ikasema.

Kiti kilikuwa karibu kuliko alipokiona mwanzo. Kwao, mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti, na yeye alijua anaambiwa nini. Ulimi ulimjaa maneno yasiyo yake. Akaung'ata hadi akaonja damu, akasoma Ayatul Kursi, akarudia, akarudia tena.

"Sikuelewa," alinong'ona. "Sitaki."

Tepu ikasimama.

Alitoka mbio na suti. Tai aliisahau.

Kesho yake alikwenda Springfield kwa Sheikh Nassor, mzee wa Unguja ambaye watu wa pwani humkimbilia kwa mambo haya. Sheikh alisikiliza hadi mwisho.

"Watu wetu waliuzwa mbali," alisema. "Labda mmoja alifika huku na pepo wake kichwani. Akarithiwa, kizazi hadi kizazi, kwa watu wasiojua hata lugha yake. Halafu ukaja wewe, unasema Kiswahili cha kwao."

"Lakini nimemkataa, sheikh."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

Sheikh akamwandikia kombe, aya za zafarani zilizooshwa kwa maji, naye Mwanamwema akalinywa pale pale. Sheikh hakumwambia kwamba jambo limekwisha. Alimuuliza tu, bila kumtazama, "Nyumbani unaishi na nani?"

Maziko yakafanyika Jumamosi. Waimbaji wakubwa walisimama kanisani wakaziimba nyimbo za mzee, na watu wakalia. Nje, Ferdinand alimvuta Mwanamwema kando. Alikuwa ameichukua rekoda.

"Ajabu," alisema kwa sauti ya chini. "Ile tepu iliyomo ni tupu. Haikupata kurekodiwa kitu."

Jumapili asubuhi Mwanamwema alikuwa akisukuma chapati. Binti yake Time, wa miaka saba, alicheza sebuleni. Time alizaliwa huku huku. Kiswahili alikisikia, ila hujibu Kiingereza siku zote, hata apewe peremende.

Alikuwa akiimba peke yake.

Mwanamwema akautua mti wa chapati. Ulikuwa ubeti wa tatu, Kipemba kile kile, bila neno kukosewa. Kisha mtoto akaendelea na wa nne, ambao mama yake hakupata kuusikia.

"Time. Nani kakufunza?"

Mtoto aligeuka. Hakujibu kwa Kiingereza.

"Kanambia weye hukutaka."