Muhuri Uliokatwa

Kila Jumanne Mama Sindano alifunika cherehani mapema. Alitia sabuni na dawa ya meno kwenye mfuko, akaenda gerezani kumwona mwanawe. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Magoti yalimuuma, na njia haikupungua urefu.

Mwanawe alikutwa na misokoto sita ya bangi. Hakumpiga mtu, hakuiba. Alifungwa miaka kumi.

"Mama, wamekataa tena," mkwewe, mke wa kijana huyo, alisema siku moja, akiweka bahasha juu ya vitambaa. Ilikuwa mara ya tatu wao kuiandikia kamati ya msamaha wa wafungwa.

Mama hakuifungua. "Nimechoka, mwanangu. Hata sindano huchoka ikakatika."

Jirani yao, msaidizi wa sheria, alikuwa amesimama pale akipimwa sketi. "Kwani mliandika nini?"

"Kwamba mume wangu hana hatia," mkwe alijibu. "Bangi ilikuwa ya rafiki yake."

"Ilikuwa ya rafiki yake kweli?"

Mama alitoa pini mdomoni. "Ilikuwa yake."

"Basi mmebisha mlango usio wenu. Anayesema hana hatia hukata rufaa mahakamani. Msamaha huombwa na aliyekosa. Kirini kosa. Kisha elezeni kwamba hakuumiza mtu, na ametumikia muda gani. Akitoka atalala wapi? Atafanya kazi gani? Huko ndani amejifunza chochote?"

"Useremala," mkwe alisema. "Ana cheti."

"Kileteni."

Mama hakuinuka upesi. Mwishowe alivuta mtoto wa meza, akatoa cheti. Kilikuwa kifupi upande wa chini, kimekatwa sawasawa kama pindo la gauni.

"Muhuri uko wapi?"

"Niliukata. Ulikuwa na jina la gereza. Wakwe wa binti yangu walikuwa wanakuja. Nilitaka waone cheti, wasione gereza."

Jirani alikigeuzageuza. "Fundi ni fundi, mkato umenyooka. Lakini bila muhuri, shangazi, hii ni karatasi ya kufungia karanga."

Mkwe alicheka, mara ya kwanza mwezi ule.

"Na aibu je?" Mama aliuliza.

"Aibu mmeificha miaka minne. Imemfungulia mlango?"

Jumanne iliyofuata Mama aliomba ofisi ya gereza nakala mpya ya cheti na ripoti ya mwenendo wa mwanawe. Karani alimwambia arudi kesho. Kesho yake karani hakuwepo. Mama akarudi tena, magoti na yote. Seremala wa mtaani aliandika kwamba atampa kijana kazi. Mwanawe naye aliandika kwa mkono wake: "Bangi ilikuwa yangu." Mama alisoma mstari huo mara mbili, akapangusa miwani.

Walituma maombi upya, ikapita miezi saba. Jibu lilikuja Jumanne, Mama akitia sabuni mfukoni. Kifungo kilichobaki kilikuwa kimefutwa. Aliitoa ile sabuni, akaiweka bafuni.

Mwanawe aliingia na mvi ambazo hakuondoka nazo. Hakuna aliyepiga vigelegele. Wote walikuwa hoi. Alikula, akasinzia kitini, mkewe amemshika mkono. Alipoamka, mama yake alikuwa juu ya kigoda, akipigilia cheti kipya ukutani, pale pale wateja wanaposimama kupimwa.

"Mama, muhuri wa gereza unaonekana."

"Nauona. Nishikie kigoda, kinayumba. Kesho utakitengeneza."